Bastola na Ayala

Yako maswali ambayo watu huyapeleka dukani ilhali yangefaa kupelekwa kwanza mbele ya dhamiri, na moja katika hayo ni swali la silaha. Mtu wa Marekani anayetaka kuwinda ayala kwa bastola, na siku nyingine kuitumia bastola hiyo hiyo kulenga shabaha, huuliza upana wa mtutu, uzito wa risasi, urefu wa chuma na bei. Mwenye duka humjibu kila neno kwa hesabu, na hesabu zake ni za kweli. Lakini chini ya hesabu hizo limelala swali jingine, ambalo mwenye duka hakuulizwa wala hana wajibu wa kulijibu. Mtu aliye na bunduki nyumbani, iwezayo kumwua mnyama upesi na kwa hakika, ana haki gani ya kuiacha ukutani na kuchukua silaha iliyo dhaifu kuliko hiyo, ili apate furaha ya kushinda ugumu alioutaka mwenyewe?

Ayala ni mnyama ambaye wasomaji wengi wa Kiswahili wamemjua katika Zaburi kuliko walivyomjua kwa macho, maana hayumo katika mapori ya Afrika Mashariki. Humo wamo paa, swala, kulungu na pofu, ambao pembe zao hudumu maisha yao yote. Dume la ayala huziangusha pembe zake kila mwaka na kuotesha nyingine. Anayewindwa Marekani kuliko wote ni yule mwenye mkia mweupe. Mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa amekaribia kwisha kwa kuwindwa ili nyama na ngozi yake viuzwe, hata ikakisiwa kuwa walibaki yapata laki 5 katika nchi nzima. Ndipo biashara hiyo ikakatazwa na misimu ya kuwinda ikawekwa, na tangu mwaka 1937 kodi ya asilimia 11 juu ya bunduki na risasi ikatengwa kwa ajili ya kuwatunza wanyama wa porini. Bastola nazo zikaingizwa katika utaratibu huo mwaka 1970, kwa asilimia 10. Leo ayala hao hukisiwa kuwa karibu milioni 30, na mahali pengi wamekuwa wengi mno kwa mashamba na kwa miche ya misitu. Kwa hiyo swali la bastola si swali la kabila zima la wanyama kutoweka. Ni swali dogo zaidi, na kwa udogo wake ni gumu zaidi: ni swali la ayala mmoja, asubuhi moja, na mtu mmoja asiyetazamwa na mtu.

Kuwinda kwa bastola si desturi ya kale. Chombo hiki kilibuniwa kwa ajili ya mtu dhidi ya mtu aliye karibu, wala waliokiunda kwanza hawakumfikiri ayala. Ilipotoka risasi iitwayo 357 Magnum mwaka 1935, wawindaji wachache walianza kuingia nayo msituni; lakini aliyelisukuma jambo hili mbele kuliko wengine alikuwa Elmer Keith, aliyezaliwa mwaka 1899 na kufa mwaka 1984, mfugaji, kiongozi wa wawindaji na mwandishi wa jimbo la Idaho. Kwa miaka mingi alikuwa akiyachukua maganda ya 44 Special, risasi ya mwaka 1907, akayajaza baruti kali kuliko ilivyokusudiwa, akapachika mbele yake risasi nzito yenye pua bapa, kisha akawahimiza wenye viwanda wafanye kiwandani alilokuwa akilifanya mezani kwake. Mwishoni mwa mwaka 1955 walimkubalia. Smith & Wesson wakatoa bastola, Remington wakatoa risasi, na jina likawa 44 Magnum. (Hiyo 44 yenyewe ni ya heshima tu, risasi ikipimwa ni pungufu kidogo ya sehemu 43 katika 100 za inchi, yaani karibu milimita 11. Ulimwengu wa silaha umejaa majina yasiyolingana na vipimo vyake.) Tangu hapo mlango haukufungika tena. Ilifuata 41 Magnum mwaka 1964, zikafuata nyingine, hata mwaka 2003 ikatoka ile ya 500 ya Smith & Wesson, ambayo bastola yake yenye mtutu mrefu ina uzito wa kilo 2 hivi, na silinda yake, kwa unene wa risasi zenyewe, haiwezi kubeba zaidi ya 5.

Ni lazima tofauti ya bastola na bunduki ielezwe kwa uwazi, kwa sababu hoja nyingi za maadili katika jambo hili huharibika kwa kutojua jinsi chombo kinavyofanya kazi. Risasi ya kawaida ya 44 Magnum ina uzito wa gramu 15 na nusu, nayo hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 400 hivi kwa sekunde, ikichukua nguvu ya kama jouli 1,300. Risasi ya bunduki ya 30-06, ambayo imewaangusha ayala wengi tangu mwaka 1906, ni nyepesi kuliko hiyo, lakini hutoka kwa zaidi ya mara mbili ya mwendo ule na huchukua karibu jouli 3,800. Kwa mwendo huo risasi ya bunduki hupasua nyama pande zote za njia yake. Risasi ya bastola haifanyi hivyo. Yenyewe hutoboa tundu, na mnyama hufa kwa damu kutoka na pumzi kwisha. Ikipita katika mapafu yote mawili, ayala aweza kukimbia hatua nyingi kisha akaanguka, na mambo yote yakawa yamekwisha kwa muda mfupi. Ikipita nyuma zaidi, katika tumbo, hukimbia vilevile, lakini hafi. Hulala kichakani saa nyingi, akiwa na kiu, na mara nyingi hufa usiku mahali ambapo hapana atakayemwona.

Je, kuna umbali gani kati ya mapafu na tumbo? Ni kiganja cha mtu. Na je, kosa dogo kiasi gani hutosha kuihamisha risasi kiganja kimoja? Hapa hesabu yasema mengi kuliko hotuba. Katika bastola yenye mtutu mrefu, kilengeo cha nyuma na cha mbele vimeachana kwa kadiri ya sentimeta 20. Mkono ukitetemeka hata kilengeo cha mbele kikasogea milimita 1 tu, basi penye mita 50 risasi itakuwa imepotoka sentimeta 25. Katika bunduki ambayo vilengeo vyake vimeachana kwa sentimeta 60, kosa hilo hilo penye umbali ule ule huleta upotofu wa sentimeta 8. Tena bunduki ina kitako kinachoegemezwa begani na shavuni, ilhali bastola huning'inia mwisho wa mikono iliyonyoshwa, kama taa katika upepo. Mtu anayechagua bastola amechagua kulizidisha kosa lake mwenyewe mara tatu. Analichagua hali akijua.

Si ajabu, basi, kwamba mataifa hayapatani juu ya jambo hili. Sheria ya ayala ya mwaka 1991 inayotumika England na Wales, ikiacha kando aina mbili za ayala wadogo, inataka bunduki ya kuwindia itoe nguvu isiyopungua jouli 2,305 mtutuni. Kwa kipimo hicho 44 Magnum, bastola ambayo Wamarekani wengi huiona kuwa kubwa, ni dhaifu hata haistahili kuletwa mbele ya mnyama huyo. Katika majimbo mengi ya Marekani ni halali, na sheria hutofautiana: huku hutajwa upana wa risasi, kule nguvu yake, kwingine urefu wa mtutu. Hapana sheria hata moja katika hizo inayoweza kuingia mkononi mwa mwindaji na kuutuliza.

Wanaoitetea bastola wana hoja, nayo si ya kudharauliwa. Husema kwamba kuwinda si kuua tu. Anayetaka kuua tu aende machinjoni. Mwanafalsafa wa Hispania José Ortega y Gasset, katika tafakari yake ya mwaka 1942 juu ya uwindaji, alionyesha kwamba kadiri silaha za binadamu zilivyozidi kuwa kali ndivyo binadamu alivyojiwekea mipaka, ili mnyama abakiwe na nafasi ya kuponyoka, kwa kuwa nafasi hiyo ikiondoka kabisa uwindaji wenyewe hufa na hubaki maangamizi. Mmarekani Aldo Leopold, ambaye kitabu chake A Sand County Almanac kilitoka mwaka 1949 baada ya kufa kwake, aliwasikitikia wawindaji waliojazwa vyombo vya madukani hata ustadi wao ukahamia katika mikoba. Yeye mwenyewe alipenda upinde, na pinde zake alizichonga kwa mkono. Katika fikira hizi bastola ni aina ya saumu. Mtu amejinyima urahisi ili apate kitu kilicho bora kuliko nyama. Amejinyima umbali, amejinyima uhakika, amelazimika kumjua mnyama, upepo na majani makavu chini ya nyayo zake.

Hoja ni nzuri. Lakini neno saumu limebeba mzigo ambao hoja yenyewe haijaupima, maana afungaye huona njaa yeye mwenyewe.

Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi huwinda kwa upinde, na mishale yao ya wanyama wakubwa huitia sumu ya mti. Mnyama aliyepigwa huenda akakimbia, nao huzifuata nyayo zake kwa muda mrefu. Mtu atakayewalaumu kwa mateso ya mnyama huyo atakuwa hajaelewa maana ya lawama, kwa kuwa ugumu wa upinde hawakuuchagua. Ndicho chombo walichonacho, na mnyama ndicho chakula chao. Ugumu wao ni wa haja. Ugumu wa mtu wa bastola ni wa hiari, na penye hiari ndipo dhamiri inapodai hesabu. Si haki kuuvika ugumu wa hiari vazi la ule wa haja, kama wafanyavyo waandishi wengine wa Marekani ambao hawawezi kuandika juu ya bastola pasipo kumtaja mtu wa kale na mkuki wake.

Na afikiriwe nahodha anayejua kuivusha jahazi kutoka Tanga mpaka Pemba usiku kwa nyota peke yake. Akiiacha dira nyumbani siku aliyo peke yake chomboni, watu watamsifu kwa ushujaa, au watamcheka, lakini hawatasema kwamba amemdhulumu mtu. Siku aliyopakia watu 40, akiiacha dira kwa makusudi ili aonje utamu wa kuvuka kwa nyota, ustadi wake ni ule ule, bahari ni ile ile, na furaha yake labda ni kubwa zaidi. Lakini sasa furaha hiyo imenunuliwa kwa rehani ya watu wengine. Wale abiria walau waliweza kuuliza kama dira imo. Ayala hana nafasi ya kuuliza. Pale mtu anapojitia ugumu na hasara ya ugumu ikamwangukia mwingine, jina la jambo hilo si kujinyima. Kumenyimwa mwingine.

Hata hivyo hukumu haiwezi kukatwa hapa na bastola zote zikarudishwa dukani, kwa sababu ugumu wa bastola waweza kugeuzwa. Ni kweli kwamba kosa la mkono huzidi mara tatu. Ni kweli pia kwamba huzidi kwa kadiri ya umbali, na umbali uko katika mamlaka ya mwindaji. Milimita ile moja iliyoleta sentimeta 25 penye mita 50 italeta 12 na nusu penye mita 25. Mwenye bastola akiukataa mlio wote ambao hana hakika nao, na akakaribia mpaka mahali ambapo ayala angesikia kitambaa kikisugua gome la mti, basi hatari imeondoka juu ya mnyama ikarudi juu ya mtu. Atakuwa amepoteza nini? Atakuwa amepoteza ayala wengi. Atakaa juu ya mti tangu alfajiri, baridi ikimla vidole, atamwona dume mwenye pembe pana akipita mita 80 mbele yake, mahali ambapo jirani yake mwenye bunduki asingefikiri mara mbili, naye ataishusha bastola. Huo ndio ugumu wa kweli wa silaha hii, na huo haumdhuru ila yeye. Wazoefu wengi wanaotumia vilengeo vya kawaida, pasipo darubini, huutaja umbali wa mita 50 kuwa mpaka wao. Wengine husema hata huo ni mwingi. Idadi si kitu. Kitu ni kwamba mpaka uwe umewekwa kabla ya ayala kutokea, kwa maana pembe zikisha kuonekana, mita 80 huanza kufanana sana na mita 50.

Jambo hili limejaribiwa na mfano mmoja mashuhuri, nao ni wa Keith mwenyewe. Alisimulia kwamba siku moja milimani mwenzake alimpiga ayala kwa bunduki akamjeruhi, naye ayala akawa anakwenda zake mbali. Ndipo Keith akaitoa bastola yake ya 44 Magnum na kumpiga kwa umbali wa kama yadi 600, yaani karibu mita 550, akifyatua mara kadhaa hadi akampata. Wengi hawakuamini, na ugomvi wa kuamini au kutoamini umeendelea hata baada ya kufa kwake. Lakini mashindano hayo ya ukweli na uongo yamelifunika swali lililo bora. Kama ilikuwa kweli, je, alitenda vema? Mtu akiifuata hadithi kama alivyoisimulia, jibu si gumu: mnyama alikuwa amekwisha kujeruhiwa, kifo cha polepole kilikuwa kimekwisha kuanza, na kila risasi iliyotupwa ilikuwa jaribio la kukifupisha. Umbali ule ule, silaha ile ile, juu ya ayala mzima aliyesimama akila majani, ungekuwa ukatili mtupu hata kama risasi ingempata moyoni. Msiba wa hadithi hii ni kwamba wasikilizaji wengi waliichukua yadi 600 wakaliacha jeraha la kwanza, wakaenda nayo msituni kama kipimo cha uanaume.

Kutoka hapo si mbali kufika penye kosa jingine, ambalo huanza dukani. Mtu akisha kusikia kwamba bastola ni dhaifu mbele ya ayala, huona dawa yake ni bastola kubwa zaidi. Mwaka 1971 ilitoka sinema iitwayo Dirty Harry, ambamo askari wa San Francisco alijivunia 44 Magnum yake, na watu ambao hawakuwa na nia ya kuwinda hata sungura wakaitafuta madukani. Leo 44 haitoshi tena kwa majivuno, kwa kuwa iko ile ya 500, yenye zaidi ya jouli 3,000. Kwa karatasi, dawa hiyo imeuponya ugonjwa. Kwa mkono, huenda ikauzidisha. Kila kinachosukumwa mbele husukuma nyuma. Bastola kubwa humpiga mtu teke mkononi, mshindo na mwali wake humpiga usoni, na mwili wa binadamu hujifunza upesi kuogopa. Baada ya risasi chache kidole kinapokigusa kifyatuo, macho hufumba na mkono hushuka kabla ya risasi kutoka. Mtu hajui kwamba ameshtuka. Huona tu kwamba risasi imekwenda chini, akailaumu bastola. Hakika moja ya majaribio bora ya tabia ni kumpa mtu bastola ambayo rafiki yake ameijaza, na tundu moja la silinda ameliacha tupu kwa siri. Kifyatuo kikigonga patupu, hapana mlio wala teke, lakini mtutu huonekana ukichimba chini kama jembe. Pale hapana kujitetea.

Nguvu iliyozidi uwezo wa mkono si nguvu, kwa vile haifiki inakotumwa. Risasi ya milimita 9 ya 357 Magnum, ambayo wengi huihesabu kuwa ya mwisho kwa udogo kwa kazi hii, ikipita katika mapafu ya ayala aliye karibu, ni rehema kubwa kuliko risasi ya 500 iliyopita katika tumbo lake. Lakini kweli hii nayo ina hila yake. Mtu aweza kuichagua bastola ndogo kwa uvivu, kwa kuwa haimchoshi, akajipa sifa ya unyenyekevu. Risasi ndogo haisamehi pembe mbaya: ikikutana na mfupa mnene wa bega huenda isifike ndani. Basi mwenye bastola ndogo hana budi kungoja mnyama ageuke ubavu, na kungoja huko kumeongeza ugumu mwingine juu ya ule wa kwanza. Chaguo la haki si kubwa wala dogo. Ni ile bastola nzito kuliko zote ambazo mkono wa mtu yule, si wa rafiki yake, unaweza kuifyatua bila kushtuka. Tena mtu huyo hawezi kuijua akiwa amesimama mbele ya kabati la kioo.

Ndipo linapoingia suala la shabaha. Mnunuzi hutaja mambo mawili, kuwinda na kulenga shabaha, kama mtu atajavyo nguo ya kazi na nguo ya sikukuu. Kumbe moja ni deni la lingine. Karatasi yenye tundu si mchezo wa kupumzika baada ya uwindaji. Ndiyo mahali pekee ambapo mwindaji aweza kukosea bure. Wawindaji wengi hutumia sahani ya karatasi, kipenyo chake inchi 8, yaani sentimeta 20 hivi, kwa kuwa inakaribiana na mahali penye moyo na mapafu ya ayala. Umbali ambao mtu anaweza kutia risasi zote katika sahani hiyo, akiwa amesimama, amechoka, moyo ukimdunda baada ya kupanda kilima, ndio umbali wake. Si ule alioufikia siku moja ya bahati, mikono ikiwa juu ya meza na mchanga chini ya bastola.

Hapa pana fadhila moja ya bastola hizi, na ndani ya fadhila mna mtego. Bastola ya 44 Magnum hukubali pia risasi za 44 Special, zilizo laini zaidi, kama vile ya 357 ikubalivyo 38 Special. Kwa hiyo mtu aweza kujizoeza mchana kutwa kwa risasi laini, pasipo maumivu na kwa gharama ndogo, na bastola ikawa imetumika kwa mambo yote mawili kama alivyotaka. Mwalimu mwema ataanza hivyo. Lakini wengi huanza hivyo na kuishia hivyo. Msimu ukifika huiondoa risasi laini, hutia ile nzito ambayo hawajaifyatua mara 10 katika mwaka, huingia msituni na imani waliyoipata kwa risasi nyingine. Matundu yale mazuri juu ya sahani ni ya kweli, na hata hivyo ni ushahidi wa uongo. Katika udanganyifu wote ambao mtu hujifanyia, ule unaojengwa kwa ushahidi wa kweli ndio mgumu kuutambua.

Uko mchezo mwingine wa shabaha unaolifikisha swali hili mwisho wake. Inasimuliwa kwamba asili yake ni Meksiko, ambako zamani wanyama hai walifungwa mbali siku za sherehe na watu wakashindana kuwapiga, hadi sanamu za chuma zikashika nafasi yao. Wamarekani waliuchukua mchezo huo wakauingiza katika bastola, na mwaka 1976 wakaunda chama chake. Kuku wa chuma huwekwa mita 50, nguruwe mita 100, bata mzinga mita 150, na kondoo dume mita 200. Haitoshi kumgusa, sharti aanguke. Hapa umbali wote aliokatazwa mwindaji mwenye haya umeruhusiwa, na ugumu wote umebaki: upepo, teke, pumzi, kilengeo kinachocheza. Ustadi unaohitajika kumwangusha kondoo yule kwa bastola ni mkubwa kuliko ule wa kumwua ayala aliye mita 30. Aliyekosa huandikiwa sifuri.

Mafundisho ya Kiislamu, ambayo yamewalea watu wengi wa pwani, yanamwagiza mchinjaji akinoe kisu chake na asimtese mnyama. Agizo hilo halimkatazi kuchinja. Linalichukulia jambo la kuua kuwa zito kiasi cha kustahili kufanywa vizuri, na uzuri wake hupimwa kwa upande wa anayechinjwa. Mchinjaji anayeacha kisu kikali akachukua butu ili aonyeshe nguvu za mkono wake hatapata wa kumtetea, hata nyama ikiwa ni ile ile. Watu husema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Wawindaji wengi wema hawajapata kuulizwa na yeyote kama uchungu wa upande ule mwingine umeingia katika hesabu zao.

Na bastola haikai msituni. Msimu hudumu siku chache, na siku zote nyingine silaha hiyo imo nyumbani, nyepesi kushikwa na mtoto kuliko bunduki, rahisi kufikiwa na mtu mzima katika saa ya kukata tamaa. Zaidi ya nusu ya vifo vya silaha za moto Marekani ni vya watu waliojiua. Anayesema kwamba ameinunua kwa ajili ya ayala tu amesema nia yake. Sanduku la chuma na kufuli ni sehemu ya bei.

Limebaki pingamizi moja, ambalo watetezi wa bastola hulipita upesi. Ikiwa mwindaji wa bastola amejizoeza, amekaribia, ameikataa milio mibaya, bado jirani yake mwenye bunduki, akifanya mambo yayo hayo kwa uaminifu ule ule, atamwua ayala kwa hakika zaidi. Tofauti ile iliyobaki, hata ikiwa ndogo, ni ya nini, na ni ya nani? Yako majibu mawili. La kwanza husema kwamba watu wawili hao hawapatikani: bunduki humfundisha mtu kuwa mbali, na aliye mbali hupoteza kumtazama mnyama, kwa hiyo katika maisha ya kweli mwenye bastola aliyefunzwa vema hujeruhi wachache kuliko mwenye bunduki anayefyatua mita 300 kwa sababu darubini imemwambia inawezekana. Jibu hili lina uzito, nalo ni kweli kwa watu fulani. Lakini ni sifa ya watu hao, si ya bastola. Mtu mwenye tabia hiyo angeweza kuichukua bunduki na kukaribia vilevile. Jibu la pili hukiri kwamba tofauti ipo, na kwamba ni furaha ya mtu iliyolipiwa kwa sehemu ndogo ya hatari ya mnyama. Anayelitoa jibu hili amesema kweli, na wengine baada ya kulisema huendelea kuwinda kwa bastola wakiwa na moyo usiotulia, hushuka kutoka mtini siku nyingi mikono mitupu.

Wengine huirudisha bunduki begani kwa siku ya ayala, na bastola huipeleka uwanjani Jumamosi. Huko kondoo wa chuma amesimama mita 200, na akiangushwa huja mtu akamsimamisha tena.